Umejiunga na klabu ya huduma? Anzia kwenye kisanduku cha fedha

Karibu. Nimekaa kwenye klabu ya huduma, yaani chama cha watu wanaojitolea kusaidia jamii, kwa miaka ya kutosha kupita karibu kila nafasi: nimepanga viti, nimeandika kumbukumbu za vikao, nimekuwa mweka hazina kwa awamu mbili, na mwaka mmoja nikapewa urais. Kila tunapopokea wanachama wapya naliona jambo lile lile. Wanaingia na moyo mkunjufu, wanajitolea kwa kila kamati, kisha baada ya matukio mawili matatu baadhi yao wanapotea kimyakimya. Siwaiti wavivu. Hakuna aliyekaa nao akawaeleza kazi yenyewe inavyokwenda, ndiyo maana naandika haya.

Nianze mbali kidogo, na klabu hizi zilikotoka. Klabu ya kwanza ya Rotary ilianzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na watu wanne: mwanasheria Paul Harris, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi wa kushona nguo. Walikuwa wakikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, wiki nyingine kwa yule, na jina la Rotary likatokana na huko kuzunguka. Mwanzoni walitafuta urafiki na kupeana biashara. Huduma ilikuja baadaye, na moja ya kazi zao za mwanzo kabisa, mwaka 1907, ilikuwa kusukuma ujenzi wa vyoo vya umma mjini. Klabu nyingine za aina hii zikafuata: Kiwanis Detroit mwaka 1915, na Lions mwaka 1917, tena Chicago, kwa wito wa Melvin Jones aliyekuwa mtu wa bima.

Vile vyoo huwa navitaja kwa kila mwanachama mpya. Choo hakipendezi kwenye picha. Mgeni rasmi hafurahii kukata utepe mlangoni pake. Lakini mtu aliyeshinda mjini tangu alfajiri anajua thamani yake kuliko mfano wa hundi mkubwa kama mlango unaoshikwa na watu sita wanaotabasamu. Mkikaa kuchagua mradi, jiulizeni kama mmechagua kinachohitajika au kinachopigika picha. Njia ya kujua ni kwenda kuuliza wenyewe kabla ya kupanga lolote. Nendeni wawili, bila fulana za klabu na bila kamera, mkae, msikilize. Tuliwahi kwenda shuleni tukiwa tumeshaamua kununua vitabu. Mwalimu mkuu alitushukuru sana, kisha akatuonyesha chumba chenye vitabu vilivyofungwa kwa kamba, na juu yake paa linalovuja.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo.

Klabu ya huduma ina fedha za aina mbili, na ole wake anayezichanganya. Ziko fedha za wanachama, yaani ada, ambazo ndizo hulipia vikao, karatasi, posta, na sherehe zenu wenyewe. Na ziko fedha za watu: kila kilichotoka kwa mtu wa nje kupitia tiketi, mnada, matembezi ya hisani au kisanduku cha michango. Kwenye klabu za Lions kanuni iko wazi: kilichochangwa na umma hurudi kwa umma, na kila upande una akaunti yake. Hata kama klabu yenu si ya Lions, fuateni hivyo hivyo.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimewahi kukosea. Katika awamu yangu ya kwanza ya uweka hazina tulikuwa na hafla ya wanachama, ada zilikuwa hazijakusanywa, na mwenye mahema alitaka malipo siku ile ile. Nikachukua kwenye akaunti ya miradi, nikajiambia ada zikiingia nitarudisha. Zikaingia nusu. Miezi miwili baadaye mama mmoja aliyenunua tiketi zetu tano za matembezi akanisimamisha njiani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ile hela ya viti vya magurudumu imefika wapi?" Sikuwa na jibu la kumtazama usoni nikalitoa. Jioni ile nilieleza yote mbele ya kikao na tukalipa pengo kutoka mifukoni mwetu. Tangu siku hiyo hakuna hundi ya akaunti ya miradi inayotoka bila saini mbili na kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha.

Niwaonyeshe namna ya kuhesabu, maana wengi hufikiri ni jambo dogo. Visanduku hufungwa kwa lakiri yenye namba kabla havijatoka, na namba huandikwa pembeni ya jina la aliyekichukua. Vikirudi, lakiri hukaguliwa kwanza. Kisha vinafunguliwa juu ya meza tupu, hakuna mkoba, hakuna bahasha, hakuna koti lililotundikwa kitini. Wanakaa watu wawili wasio ndugu wala mume na mke. Mmoja anapanga sarafu kwa mafungu ya kumi kumi, mwingine anahesabu upya bila kuambiwa jibu la mwenzake, kila mmoja anaandika kwenye karatasi yake, ndipo wanalinganisha. Zisipolingana hakuna anayelaumiwa, wanaanza tena. Karatasi zote mbili zinatiwa saini, na fedha zinakwenda benki siku inayofuata ya kazi zikiwa nzima. Msitoe humo hata nauli ya aliyebeba visanduku. Gharama ikiwapo ilipwe kwa njia yake, na risiti yake.

Utaratibu huu haumtuhumu mtu. Unamlinda mwanachama mwaminifu siku maneno yakianza, na maneno hayakosi kuanza.

Kuhusu matukio ya kuchangisha, jizoezeni kuuliza kilichobaki, msivutwe na kilichoingia. Hafla kubwa ya usiku hupendeza, ukumbi hujaa, mshereheshaji anatangaza jumla na watu wanapiga makofi. Toa ukumbi, mapambo, muziki, uchapaji wa tiketi na zawadi. Kama katika kila 100 zilizoingia zimebaki 30, basi mlichofanya ni sherehe iliyolipiwa na wafadhili. Matembezi ya asubuhi, au mnada mdogo wa vitu vilivyotolewa bure, vinaweza kuacha zaidi kwa jasho lile lile. Ahadi nazo zihesabiwe kama ahadi. Mtu akisimama akatangaza kiasi, mwandikeni, mpigieni wiki hiyo hiyo angali na joto la tukio, na msipange matumizi ya fedha ambayo haijafika.

Wala msidharau mchango mdogo. Mwaka 1917 rais wa Rotary, Arch Klumph, alipendekeza uanzishwe mfuko wa kutenda mema duniani. Mchango wa kwanza, kutoka klabu ya Kansas City, ulikuwa dola 26 na senti 50. Mfuko huo ndio leo Rotary Foundation, na kupitia kwake Rotary ilianza mwaka 1985 kampeni ya kutokomeza polio. Mwaka 1988 mashirika mengine yalipoungana nao, ugonjwa ulikadiriwa kupooza watu 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Tangu hapo visa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa hiyo mtoto akija na sarafu moja kwenye kisanduku chako, inama, mshukuru, mwandikie stakabadhi kama unavyomwandikia mwenye kampuni.

Mafunzo. Yapo ya ndani na ya nje. Ya ndani yanajulikana: mwaka wa klabu za Rotary na Lions huanza tarehe 1 Julai, na viongozi wapya hufundwa kabla ya kushika madaraka. Nendeni, lakini ombeni pia kukaa pembeni ya anayeondoka kwa mwezi mmoja, muone anavyoandika barua ya kuomba udhamini, anavyojibu mfadhili aliyekasirika, anavyofunga hesabu. Semina haifundishi hayo.

Mafunzo ya nje, yaani yale mnayowapa watu, ndiyo yanayoharibika mara nyingi kwa sababu ya tamaa ya idadi. Chukueni huduma ya kwanza. Kumkandamiza kifua mtu mzima ambaye moyo umesimama kunatakiwa kufikia kina cha walau sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukimweleza mtu hivyo anatikisa kichwa, ameelewa. Mpigishe magoti mbele ya sanamu ya mazoezi uone: mikono imepinda, anabonyeza kwa vidole, baada ya nusu dakika amechoka na kina kimepungua. Pale ndipo anapojifunza. Ukialika watu 60 na sanamu mbili, wengi watarudi nyumbani na cheti wasichokistahili, na cheti hicho siku moja kitamtia mtu ujasiri usio na ujuzi. Waje 12, kila mmoja apige magoti mara tatu. Wengine waje wiki ijayo.

Niseme na hili kwa kuwa linanikera. Lions ilifungua milango kwa wanawake mwaka 1987, na Rotary ikabadili kanuni zake rasmi mwaka 1989, baada ya mahakama ya juu ya Marekani kuamua, miaka miwili kabla, kesi ya klabu ya Duarte, California, iliyofukuzwa na Rotary kwa kupokea wanawake. Lakini bado utakuta klabu ambayo dada zetu wamepangiwa kupokea wageni na kugawa maji kila tukio, huku kamati ya fedha ikiwa ya wanaume watupu. Mwanachama mpya wa kike, omba kamati ya fedha. Wa kiume, chukua zamu ya kugawa maji.

Nimalizie na siku za huduma zenyewe. Mwaka 1925, Helen Keller, ambaye hakuwa akiona wala kusikia, alihutubia mkutano mkuu wa Lions kule Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe mashujaa wa wasioona. Wakaitika, na ndiyo maana mpaka leo uchunguzi wa macho ni kazi inayopendwa na klabu nyingi. Nasi tuliufanya. Foleni ilianza kabla jua halijapanda, wauguzi walifanya kazi bila kupumzika, na jioni tulikuwa na idadi ya kujivunia.

Kwenye foleni ile alikuwapo mzee aliyeshikwa mkono na mjukuu wake. Muuguzi alimmulika, akamwambia ana mtoto wa jicho macho yote mawili na anahitaji upasuaji. Akaandikiwa kikaratasi. Mzee akauliza, "Sasa niende wapi?" Muuguzi akanitazama mimi, rais. Hatukuwa tumezungumza na hospitali yoyote, hatukuwa na bajeti ya upasuaji wala ya usafiri. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyopata ukungu, nayo inaweza kutolewa na kuwekwa ya bandia katika upasuaji usiochukua muda mrefu. Yaani tulimwambia mzee kwamba giza lake lina dawa, kisha tukamrudisha nalo nyumbani. Alikikunja kile kikaratasi mara nne, akakitia mfuko wa shati, akaondoka.

Kwa hiyo msipime msichoweza kufuatilia. Kabla ya kutangaza siku ya uchunguzi, kubalianeni na hospitali itakayopokea wagonjwa, mjue itapokea wangapi na kwa gharama ya nani. Tukio likipungua likawa la watu 40 badala ya 200, liwe hivyo.

Sisi tulinunua daftari. Lina safu tano: jina, simu ya mgonjwa au ya ndugu, alichokutwa nacho, alikopelekwa, na tarehe aliyotembelewa tena. Linakaa kwa mtu mmoja, kabatini, kwa sababu siri za afya za watu si mazungumzo ya kikao. Jina la kwanza ni la yule mzee. Tulimtafuta kupitia mjukuu wake, ikachukua wiki saba kupata nafasi ya jicho la kwanza, na safu yake ya mwisho ina tarehe mbili.

Kwenye kikao chako cha kwanza, omba kuambiwa kama klabu ina daftari la namna hiyo na nani analitunza. Kama halipo, jitolee kulianzisha, na jina la kwanza litoke kwenye tukio lililopita.