Maswali na Majibu: Kasi ya Fremu na Mwendo wa Video

Swali (Kisasa, Dodoma): Nilirekodi kina mama wakipiga muheme kule Chamwino, kamera ikiwa kwenye fremu 120 kwa sekunde (fremu ni kila picha moja katika video). Kwenye kompyuta, kipande cha sekunde 10 kimekuwa karibu dakika nzima, na mlio wa ngoma umegeuka mngurumo. Je, kamera ni mbovu?

Jibu: Kamera yako ni nzima. Katika sekunde hizo 10 ilipiga picha 1,200, na programu ya kuhariri, ambayo nadhani uliifungulia mradi wa fremu 25, inazionyesha zote moja baada ya nyingine, 25 kila sekunde, hivyo huchukua sekunde 48 kuzimaliza. Sauti nayo ikivutwa mara 4.8 hushuka kwa zaidi ya oktavu mbili (oktavu moja ni mtetemo wa sauti kupungua hadi nusu), ndiyo maana unasikia mngurumo. Ukitaka mwendo wa kawaida, ielekeze programu isome faili hilo kwa fremu 120. Itaruka baadhi ya picha na kulinda muda halisi.

Lakini 120 haigawanyiki sawasawa kwa 25. Programu hulazimika kusogea picha tano tano, kisha nne mara moja, na mkono unaoshuka juu ya ngozi ya ngoma unaweza kuonekana ukisitasita kidogo. Safari nyingine rekodi kwa fremu 50 au 100, au fungua mradi wa fremu 30, ambao huchukua kila picha ya nne bila kubakiza kitu. Hata hivyo, kile kipande cha sekunde 48 usikifute: hapo ndipo vidole vinapoonekana vikiachana na ngozi, jambo ambalo jicho pekee haliwahi kulikamata.

Swali (Kongwa): Je, video ya fremu 60 hukimbia kuliko ya fremu 30?

Jibu: Hapana. Ikichezwa kwa kasi iliyorekodiwa, sekunde hubaki sekunde. Kinachoongezeka ni ulaini wa mwendo, pamoja na ukubwa wa faili.

Swali (Nkuhungu, Dodoma): Nimerekodi ibada ya saa nzima. Mwanzoni midomo ya wanakwaya inakwenda na sauti, lakini mwishoni picha imechelewa kwa zaidi ya sekunde tatu. Kwa nini?

Jibu: Dalili hiyo huelekeza kwenye tofauti ya fremu 30 na 29.97 kwa sekunde; hiyo ya 29.97 ni kasi iliyotokana na mfumo wa televisheni ya rangi ulioidhinishwa Marekani mwaka 1953. Saa moja ya fremu 30 ina picha 108,000. Zikichezwa kwa 29.97 huchukua sekunde 3,603.6, ilhali sauti imebaki na sekunde zake 3,600. Linganisha kasi ya mradi na ya faili. Ikiwa ulitumia simu, fahamu pia kwamba simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu katikati ya kurekodi, hasa mwanga unapopungua. Faili la namna hiyo ligeuzwe kwanza kuwa la kasi moja isiyobadilika.

Swali (Mpwapwa): Kwa nini watu katika filamu za zamani zisizo na sauti hutembea mbiombio?

Jibu: Kamera nyingi za wakati huo zilizungushwa kwa mkono, na kasi yake haikuwa moja. Fremu 24 zilikuja kuwa kawaida baada ya filamu kupata sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920. Matembezi ya dakika tatu yaliyopigwa kwa fremu 16, yakichezwa kwa 24, huisha kwa dakika mbili.