Betri ya gridi: lipa kilichopimwa, si kilichoandikwa kwenye kibati

Swali: Mimi ni mhandisi wa umeme hapa Nairobi. Tunaandaa pendekezo la betri ya MW 20 yenye uwezo wa MWh 20, ya kusaidia kushikilia masafa ya gridi (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde) kwenye Hz 50. Wenzangu wanasema kanuni zikitaja megawati na muda wa kuitikia, basi. Je, yanatosha? Na chaji ikae kiwango gani?

Jibu: Hayatoshi, mhandisi. Kanuni ikiishia hapo, betri iliyokaukiwa chaji italipwa sawa na iliyo tayari kazini, na tofauti itajulikana siku stima inapopotea.

Tuanze na kasi. Gridi yetu ina vyanzo vinavyoweza kutoka kwa mkupuo: upepo wa Loiyangalani, MW 310, unaosafiri kilomita zaidi ya 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, na umeme wa mkataba kutoka Ethiopia unaofikia Suswa hiyohiyo. Chukua mfano: mashine zinazozunguka zina ukubwa wa jumla wa MVA 2,000, inesha yake (nishati ya mzunguko inayochelewesha masafa kubadilika) ni sekunde 4, na MW 250 zimepotea ghafla. Hesabu ni 250 × 50 ÷ (2 × 4 × 2,000), yaani masafa yanashuka Hz 0.78 kila sekunde. Ndani ya sekunde 1.3 uko Hz 49. Mtambo wa maji hauwezi kuwahi hapo. Lango likifunguliwa, nguvu yake hata hupungua kidogo kwanza, kwa sababu maji yaliyo kwenye bomba huchukua muda kushika mwendo. Betri inaweza kutoa nguvu zake zote kabla sekunde moja haijaisha. Hiyo ndiyo thamani yake, na ndiyo kanuni inayopaswa kuidai kwa maandishi.

Kwa hiyo andikeni mstari mzima wa kuitikia. Mfano: ukanda tulivu wa Hz 0.015 juu na chini ya 50, ambamo betri haifanyi kitu, kisha mteremko wa asilimia 1, yaani kila Hz 0.5 nje ya ukanda huo ni MW 20 kamili. Masafa yakiwa 49.80, betri inatoa (0.20 − 0.015) ÷ 0.5 × 20, sawa na MW 7.4. Uingereza, katika huduma yake ya Dynamic Containment iliyoanza 2020, inatumia ukanda huohuo wa 0.015 na kudai nguvu zote masafa yakipotoka Hz 0.5, ndani ya sekunde moja, ila mpaka upotofu wa Hz 0.2 betri hutoa asilimia 5 tu, kwani imewekwa kusubiri ajali kubwa. Kwa gridi ndogo kama yetu ningechagua mstari ulionyooka, ingawa seli zitachoka mapema zaidi.

Kipimo cha masafa nacho kina mtego. Laini inapopata hitilafu, wimbi la volteji huruka, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri au wa jua uwe wa gridi) inayosoma mzunguko mmoja tu hudhani masafa yameporomoka. Tarehe 16 Agosti 2016 huko California, moto wa Blue Cut ulisababisha MW 1,200 hivi za umeme wa jua kupotea, na takriban 700 kati ya hizo zilizimwa na inveta zilizosoma masafa vibaya. Dai kipimo cha wastani wa milisekunde 100 hadi 200, na inveta isijitoe volteji inaposhuka kwa muda mfupi.

Sasa chaji, ambapo mapendekezo mengi huanguka. Tuseme kanuni inataka nguvu zote kwa dakika 15, iwe kutoa au kupokea. Hizo ni MWh 5 kwenye gridi. Ukipoteza asilimia 7 njiani, seli zitoe takriban 5.4. Kama hushuki chini ya asilimia 10 (MWh 2), unahitaji 7.4, sawa na asilimia 37. Upande wa juu, ukiishia asilimia 90 (MWh 18) na kuacha nafasi ya kupokea 4.65, usipite asilimia 66. Ukanda wako wa kazi ni 37 hadi 66. Betri haitatulia humo yenyewe: hasara na mitambo ya kupoza huivuta chini kila saa. Irudishe taratibu, kwa MW 1 hivi, kwa ratiba ambayo chumba cha udhibiti wa gridi kinaijua. Kosa baya kuliko yote ni kuanza kuchaji kwa nguvu mara tu masafa yanapoanza kupanda. Unayashusha mara ya pili, wakati akiba ya wengine imeshatumika.

Malipo yafuate rekodi: angalau sampuli 20 kwa sekunde, saa ikilinganishwa na setilaiti, chaji ikiwa humo pia. Kila dakika iliyo nje ya ukanda wa chaji isilipwe. Uwezo wa MWh upimwe kila mwaka, maana seli huzeeka na ukanda wa 37–66 hubana pande zote mbili.

Jambo la mwisho kwa EPRA, mdhibiti wa nishati nchini: umeme wa kuchajia usitozwe kama wa mteja wa mwisho, la sivyo kila kilowati-saa itatozwa mara mbili, ikiingia kwenye betri na ikimfikia mtumiaji. Mita ya pande mbili kwenye transfoma ya betri inatosha, na mitambo ya kupoza ipewe mita yake.