Baba Alikuwa Mkulima Tu: Tuandike Nini Katika Wasifu Wake?

SWALI: Ndugu Mhariri, baba yetu amefariki akiwa na umri wa miaka 81. Familia imepanga siku ya kumkumbuka, nami kama binti mkubwa nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake na kuusoma. Nimeandika nikafuta mara nne. Baba hakuwahi kuajiriwa, hakuwa na cheo wala cheti. Alilima shamba lile lile alilolikuta kwa baba yake tangu akiwa na miaka 15 hadi alipoishiwa nguvu miaka mitatu iliyopita. Nikishataja alizaliwa lini, alioa lini na ameacha watoto wangapi, karatasi bado ni nyeupe. Kaka yangu anashauri tuandike kwamba alikuwa mchapakazi, mnyenyekevu na mpenda watu, yaishe.

Katika sanduku lake tumekuta madaftari saba aliyoyaandika kwa penseli, maneno mawili matatu kwa siku: “Mvua ndogo.” “Palizi. Mguu unauma.” Siku niliyozaliwa mimi ameandika: “Mvua kubwa. Mtoto wa kike.” Je, mambo ya namna hii yanafaa kusomwa mbele ya watu? Na miaka mibaya tuiseme? Kuna mwaka alipoteza mifugo, na kipande cha shamba kikauzwa ili kulipa deni.
Binti wa Mkulima

JIBU: Pole sana kwa msiba, wewe na familia nzima.

Karatasi yako imebaki nyeupe kwa sababu wasifu tuliouzoea umeshonwa kwa kipimo cha mtu wa kuajiriwa: alisoma hapa, akaajiriwa pale, akapandishwa cheo, akahamishwa, akastaafu. Mkulima hana tarehe hizo. Hata kustaafu hastaafu. Hupunguza tu, mwaka huu akaacha kulima kipande cha mbali, mwaka unaofuata akamwachia mwingine kazi ya kubeba magunia, mpaka siku moja anakaa barazani akitazama wengine wanavyopanda na kulalamika kwamba mistari imepinda. Kwa hiyo kiweke kando kipimo hicho cha kazi na vyeo, uanze na hesabu ambayo barua yako imeshaitoa: kutoka miaka 15 hadi 78 ni miaka 63. Ikiwa kwenu hupandwa mara moja kwa mwaka, basi katika maisha yake yote baba alipata nafasi 63 tu za kujaribu, na kila alipokosea alisubiri mwaka mzima kabla ya kurekebisha. Fundi seremala akiharibu kiti leo, kesho hutengeneza kingine. Sentensi moja kuhusu nafasi hizo 63 itawaeleza wasikilizaji uvumilivu wa baba bila wewe kulitaja neno uvumilivu.

Kuhusu pendekezo la kaka yako, sina ugomvi na sifa hizo, ila zinaweza kusomwa kwa marehemu yeyote na hakuna atakayegundua kwamba jina limebadilishwa. Mwambie akupe tukio. Kama baba alikuwa mchapakazi, kaka yako alimwona akifanya nini, saa ngapi, na yeye kaka alikuwa ameshika nini mkononi?

Jambo ambalo ningekusihi ulifanye kabla ya kuandika neno jingine ni kulitembelea shamba kwa miguu pamoja na mtu aliyefanya kazi na baba kwa muda mrefu, awe mama, mdogo wake au jirani wa mpakani, huku simu yako ikirekodi sauti. Usimuulize “baba alikuwa mtu wa namna gani,” maana utajibiwa kwa sifa zile zile. Uliza mbona njia imekunjwa pale kwenye kona, nani alichimba makinga maji, mti huu ulipandwa mwaka gani na kwa nini hapa, maji yalikuwa yakituama wapi kabla mfereji haujachimbwa. Muulize pia baba alijuaje kwamba udongo uko tayari kulimwa. Wakulima wengi huchota udongo wakaufinya kiganjani: bonge likibaki kama lilivyo, limeng'aa na kunata, shamba bado lina maji mengi; likigawanyika kwa kuguswa kidogo tu na kidole, kazi inaweza kuanza. Kama baba alifanya hivyo, eleza mkono wake ulivyofinya na alivyotupa udongo ule kabla ya kutoa uamuzi. Waliomfahamu watamwona amesimama mbele yao.

Sasa madaftari. Ndiyo, yasomwe, na hayo maneno ya siku uliyozaliwa yasomwe kwanza. Usiyapambe wala kuyafafanua kwamba baba alifurahi sana. Mtu aliyeandika maneno mawili kwa siku kwa miaka mingi, akakupa wewe nafasi kwenye mstari mmoja na mvua kubwa, ameshasema. (Mimi huishi kwa kuandika, na siku niliyopata mtoto sikuandika chochote.) Chagua siku sita au saba tu, za misimu tofauti, uzisome kama zilivyo.

Baada ya hapo yatunzeni. Kumbukumbu za namna hii zina thamani hata nje ya familia: Robert Marsham, mwenye shamba huko Norfolk, Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika siku ambazo miti ilichanua na ndege walirudi, kizazi chake kikaendelea hadi 1958, na leo wanasayansi huzitumia kumbukumbu hizo kuchunguza mabadiliko ya hali ya hewa. Penseli haififishwi na mwanga kama wino wa kalamu nyingi, lakini hufutika kwa kusuguliwa, hivyo pigeni picha kila ukurasa, msiunge palipochanika kwa utepe wa gundi, na msikubali yeyote ayapeleke kupigwa lamineshini.

Miaka mibaya isemwe. Maisha ya mkulima yasiyo na ukame, ugonjwa wa mifugo wala deni hayaaminiki, hasa na wakulima wenzake watakaokuwa wamekaa safu ya mbele. Eleza kilichopotea, kisha ueleze uamuzi: aliuza kipande kipi, kwa nini hicho na si kingine, na sehemu iliyobaki iliwalisha akina nani. Jina la mdai halina kazi hapo. Ila msomee mama aya hiyo faraghani kabla ya siku yenyewe, na akisema iondoke, iondoe bila kubishana.

Nimemtaja mama makusudi, kwa sababu katika barua yako ametokea mara moja tu, kwenye neno “alioa.” Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2014 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kilimo cha Familia, kisha miaka ya 2019 hadi 2028 kuwa muongo wake, na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, linapokieleza kilimo hicho hutaja nguvu kazi ya familia, ya wanawake na ya wanaume pia. Kwa hesabu ya shirika hilo ya mwaka 2014, kati ya mashamba milioni 570 hivi duniani, zaidi ya milioni 500 yalikuwa ya familia. Ukiandika “baba alilima” pale ambapo walilima wawili, wazee watakaokuwepo watatazamana.

Maneno 600 husomwa taratibu kwa dakika tano hivi, nayo yanatosha.

Kabla hamjafagia ghala, tazameni pia kama aliacha mbegu alizojihifadhia mwenyewe. Za vitunguu huanza kupoteza uotaji baada ya mwaka mmoja au miwili. Za maharage zikikaa pakavu huvumilia miaka mitatu au zaidi. Mkizikuta, zipandwe msimu ujao, na kwenye pakiti liandikwe jina alilokuwa akiziita yeye.