Mtoto wa Sikoseli Hutibiwa Akiwa Mzima

Sisi wazazi wa watoto wenye sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi unaopinda seli nyekundu za damu, tuna tabia moja: mtoto akilia usiku, boda inapatikana, pesa inapatikana, mpaka jirani anaamshwa. Akipona, tarehe ya kliniki inapita hivi hivi. "Si mzima? Atapelekwa kufanya nini?" Mimi naishi Mbale, Uganda, na baada ya miaka kadhaa ya kumlea binti yangu, naamini siku hizo za uzima ndizo zenye matibabu yenyewe. Wodini wanazima moto tu.

Chukua haidroksiurea. Dawa hii huufanya mwili utengeneze kwa wingi hemoglobini ya aina anayokuwa nayo mtoto akiwa tumboni, ambayo huzuia seli nyekundu zisipinde. Kuna utafiti mkubwa uliofanywa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, kituo cha Uganda kikiwa hapa hapa Mbale. Majibu yalipotoka 2018, yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, malaria ikapungua, kuongezewa damu kukapungua, na vifo pia. Ila haina haraka. Miezi ya mwanzo unaweza kudhani unampa mtoto maji. Dozi yake hufuata uzito, kwa hiyo akinenepa lazima ibadilishwe, na damu ipimwe kila baada ya muda kwa sababu dawa inaweza kushusha seli nyeupe na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Ukikosa kliniki, nani atayajua hayo?

Halafu kuna bandama. Kwa watoto wadogo inaweza kunasa damu ghafla na kuvimba, na mtoto akaishiwa damu ndani ya saa chache. Nesi mmoja alinifundisha kuipapasa. Mtoto alale chali kabla ya kula, magoti yakunjwe, tumbo lilegee. Vidole vianzie chini karibu na kitovu, vikipanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto, huku yeye akivuta pumzi. Bandama ikiwa imevimba, ukingo wake utakugonga vidole. Nesi alichora mstari kwa kalamu ya bluu pale ulipofika, akaniambia niupime kwa upana wa vidole kutoka kwenye mbavu na nizoee hali yake ya kawaida. Binti yangu alikuwa akicheka kwa kutekenywa. Siku ukikuta ukingo umeshuka kupita kawaida, na viganja na midomo imepauka, usingoje asubuhi.

Homa nayo ni hivyo hivyo. Ikifika nyuzi 38 ni safari ya hospitali, hata kama anaonekana kuchangamka, maana bandama yake hailindi dhidi ya bakteria kama ya mtoto mwingine. Ndiyo sababu wanapewa penisilini mara mbili kila siku hadi miaka mitano, na chanjo ya nimonia isirukwe.

Kuhusu malaria kuna uongo unaotembea hapa mtaani, eti mwenye sikoseli hapati malaria. Anayepata kinga kiasi ni yule mwenye AS, aliyerithi upande mmoja tu. Mwenye SS, aliyerithi pande zote mbili, malaria yaweza kumuua upesi. Chandarua kila usiku, na dawa ya kinga aliyoandikiwa kliniki.

Sasa damu. Wazazi wengi tukisikia hemoglobini ni 7 tunadai chupa ya damu papo hapo. Kumbe wengi wa watoto hawa huishi na 7 au 8 kila siku, wanaenda shule na kuruka kamba. Damu isiyo ya lazima huacha chuma mwilini, tena hufanya iwe vigumu kupata damu inayopatana naye baadaye. Kwa hiyo kwenye jalada la lile daftari lake la hospitali nimeandika kwa herufi kubwa: kundi la damu, hemoglobini yake akiwa mzima, bandama vidole vingapi, uzito na dozi. Daktari wa zamu asiyemjua husoma hapo kwanza. Na zile dawa za kuongeza chuma zinazouzwa dukani ziache, ila kama vipimo vimeonyesha anahitaji. Cha kwake ni foliki asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu.

Maumivu makali yasikutie aibu kuomba mofini ya maji. Uganda tunayo, na kuna manesi waliosomea kuitoa. Wazazi wa wavulana, jambo ambalo watu huliona haya: uume ukisimama kwa maumivu na usilale baada ya saa mbili, hiyo ni dharura. Vivyo hivyo mdomo ukienda upande au mkono ukilegea ghafla.

Mama wakwe wanaosema ugonjwa umetoka kwenu, waambie ni lazima baba na mama wote wawe wameubeba, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye sikoseli. Uchunguzi wa 2014 hadi 2015 ulikuta kiasi cha watoto 13 katika kila 100 nchini wana AS. Hakuna ukoo wa kunyooshewa kidole.

Wapime na ndugu zake. Kile kipimo cha zamani cha "sickling", kinachoangalia tu kama seli zinapinda, hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kudanganya. Karatasi ikiandikwa "sickling positive" peke yake, rudi uombe elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini.