Maswali na Majibu: Sukari Nayo Ina Kauli

Maswali haya mliyoniandikia nimeyaweka pamoja kwa sababu karibu yote yana kasoro moja: mnaichukulia seli kama askari kwenye lindo, haisogei mpaka homoni itoe amri. Sivyo. Malighafi inayoingia ndani yake nayo huamuru.

Mwalimu, ini hujuaje kwamba nimekula kabla insulini haijafika?

Linaonja lenyewe. Kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) kinachoikamata glukosi, yaani sukari ya damu, ndani ya misuli na ubongo ni kilafi: hufikia nusu ya kasi yake glukosi ikiwa chini sana ya milimoli 1 kwa lita, na damu ya mtu ambaye hajala tangu jana ina kama 5. Kwa hiyo kila kikutanapo na glukosi kimekwisha shiba. Ukiiongeza, hakina habari. Cha ini, glukokinesi, hufikia nusu kwenye 8 hivi. Hujala, kinajikongoja. Umekula, damu itokayo utumbo ikajaa sukari, kinachapuka, na hakuna aliyekituma. Glukokinesi hiyohiyo imo katika seli za beta za kongosho, na ndiyo inayozijulisha kuwa wakati wa kutoa insulini umefika. Yaani insulini, huyo mnayemwita bosi, naye husubiri asikie sukari inasemaje.

Asidi ya laktiki ndiyo inayoumiza misuli kesho yake baada ya mazoezi?

Hapana. Nimeshajibu hili hadi nimechoka. Laktati, ndivyo asidi hiyo ilivyo mwilini, hurudi kiwango chake ndani ya saa moja au mbili. Ni chakula: moyo huichoma, ini huirudisha kuwa glukosi. Anayekuuzia kinywaji cha "kutoa asidi" anakutoa pesa.

Kweli mafuta na sukari hugombana?

Kweli, na ugomvi huo mwanabiokemia Philip Randle na wenzake waliueleza mwaka 1963, wakitumia moyo na kiwambo (msuli wa kupumulia) cha panya. Asidi za mafuta zikichomwa kwa wingi, asetili-koA, kipande kinachotokana na kuvunjwa kwake, hurundikana na kukibana kimeng'enya kinachoipitisha pairuveti, yaani sukari iliyokwisha vunjwa nusu. Sitreti, zao jingine la uchomaji huo, nayo ikizidi, humpiga breki fosfofruktokinesi, kimeng'enya cha hatua za mwanzo za kuvunja sukari. Sukari inakwama njiani. Ugeuze sasa: sukari ikifurika, ini hutengeneza malonili-koA, malighafi ya kuundia mafuta, na hiyo hufunga mlango ambao asidi za mafuta hupitia kuingia mitokondria, tanuri za seli. Kwa hiyo anayeniuliza "kipi kibaya, mafuta au wanga?" bila kusema vimeliwa kiasi gani na vimeliwa pamoja na nini, asitegemee jibu. Na sisemi homoni hazina kazi. Nasema hazifanyi kazi peke yake.

Bakteria hana kongosho. Huchaguaje chakula?

Mpe E. coli, bakteria wa utumbo, glukosi na laktosi (sukari ya maziwa): atamaliza glukosi, atasimama kidogo, ndipo atawasha jeni za laktosi. Na anayeondoa kizuizi kwenye jeni hizo ni laktosi yenyewe, ikiwa imegeuzwa kidogo tu. Jinsi kizuizi hicho kinavyofanya kazi, wanasayansi Wafaransa Jacob na Monod waliieleza mwaka 1961.

Nina kisukari aina ya kwanza. Kama ketoni, zile ini huzitengeneza kutokana na mafuta, hulisha ubongo, nipunguze insulini?

Usithubutu. Mtu anayefunga siku nyingi ubongo wake huishi zaidi kwa ketoni, lakini ana insulini kidogo inayoshikilia mafuta yasimwagike yote. Wewe huna hata hiyo kidogo. Mafuta yatafunguka, ketoni zitapanda, damu itageuka asidi, na hilo huua. Ukiwa umeshapunguza na sasa unatapika au unahema kwa kina, nenda hospitali sasa hivi. Usikae kuniandikia barua nyingine.