Fauna sio mnyama mmoja, mi nilijua kwa aibu

Umeuliza lile neno la Kiingereza la herufi tano, lile la wanyama wote wa eneo fulani, ukasema kila ukilikariri baada ya wiki linageuka kuwa flora, lile la mimea. Jibu ni fauna. Ila kulikariri na maana yake ya kamusi halafu basi haisaidii, mi nilifanya hivyo hivyo likanitokea puani.

Mara ya kwanza nililikuta kwenye fumbo la maneno, nikajaza, nikajiona sasa ninalo. Siku zikapita nikaandika insha ya Kiingereza, humo nikasema "I saw three faunas near the river" nikimaanisha nimeona swala watatu mtoni. Msahihishaji akazungushia wino mwekundu na alama ya kuuliza, basi, maelezo hakuna. Mi nikadhani shida ni ile s, insha iliyofuata nikaandika "a fauna was drinking water" yaani ndo nikaharibu kabisa.

Kumbe fauna sio mnyama. Ni jumla ya wanyama wote wa mahali fulani au wa kipindi fulani, kwa hiyo ukilitaja tu, anayekusikiliza anataka kujua ya wapi, au ya lini. Fauna ya Madagaska, humo kuna lemuri ambao porini kwao ni huko tu. Fauna ya Australia, kuna kangaruu. Ya lini, mfano wanaochimba visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye mawe, wanasema fauna ya Burgess Shale, ile miamba ya Kanada, wale ni viumbe wa baharini walioishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Kilichonifungua akili hasa ni habari za Alfred Russel Wallace. Huyu Mwingereza, mtafiti wa viumbe, mwaka 1856 alitoka Bali akavuka mlango wa bahari kwenda Lombok, visiwa vya Indonesia ya leo, vimepakana kabisa, hali ya hewa inafanana, lakini kufika upande wa pili akakuta ndege wengine, wakiwemo kasuku weupe wenye kishungi ambao ni ndugu wa wale wa Australia. Upande mmoja wanyama wa Asia, upande mwingine unaanza kuona wa Australia. Hizo ndo fauna mbili. Na hapo ndo nikagundua kumbe "faunas" ipo na ni sahihi, sema ingebidi niwe naongelea sehemu tatu tofauti, sio swala watatu wamesimama wanakunywa maji 😂

Kitu kingine kinachotuchanganya ni Kiswahili chetu chenyewe. Mtu akisema wanyama wengi tunawaza wa miguu minne, ndege tunamwita ndege, samaki samaki, mdudu mdudu. Fauna inazoa wote, siafu, konokono, kambare, chatu, popo, mpaka mnyoo wa udongoni. Ndo maana wataalamu wakitaka kundi moja tu wanaongezea kichwa, avifauna ni ndege, megafauna ni wale wakubwa wakubwa kama mamothi, wale ndugu wa tembo waliotoweka.

Asili yake ni Warumi, walikua na mungu wa kike Fauna, na Flora alikua wa maua (kina Flora wote mnaowajua jina limetoka huko). Yule Msweden Linnaeus, mtaalamu wa viumbe, akatoa kitabu cha mimea ya nchi yake 1745 akakiita Flora Suecica, mwaka uliofuata cha wanyama akakiita Fauna Suecica, ndo haya majina mawili yakazidi kushika kwenye sayansi.

Namna yangu ya kutochanganya, na usinicheke, ni kuikata: fa-una. Una mkia? Una mabawa? Una magamba? Basi we ni fauna. Mchungwa hauna hata kimoja, uende kwa Flora huko. Ila usilitamke kwa Kiswahili fa-u-na, Waingereza wanasema kama foona, o ndefu, ile au ya August. Na usilichanganye na fawn, hiyo ni mtoto wa kulungu, inasikika karibu sawa ila ukoo wake ni mwingine kabisa.

Halafu mtaani Waingereza husema "flora and fauna", mimea ndo inatangulia, lakini jina refu la mkataba wa CITES, ule uliosainiwa Washington 1973 wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, limeweka fauna mbele. Kwa hiyo ukikuta imegeuzwa usishtuke.

Na kama na wewe umelikutia kwenye fumbo la maneno, yote mawili yana herufi tano, yote yanaanza na F na kuishia na A. Usijaze kwa peni mpaka upate herufi ya katikati, ikiwa O ni flora, ikiwa U jaza fauna ulale.