Msiipande Mikaratusi Hiyo Kwenye Chemchemi

Ndugu uliyeuliza miche 300 ya mikaratusi ipandwe kwa umbali gani kuzunguka chemchemi yenu ya Kibosho, mkoani Kilimanjaro, nakuomba usimamishe uchimbaji wa mashimo leo hii. Pale usipande hata mmoja.

Sisi majirani zenu wa Uru tulifanya kosa hilohilo mwaka 2011. Tulijitolea Jumamosi sita mfululizo, tukafyeka vichaka vyote vilivyoizunguka chemchemi, tukang'oa masale, mimea ya mipaka iliyopandwa na wazee wetu, tukakata msesewe mkubwa, mti wa asili wa huku kwetu, kwa kuwa tuliambiwa kivuli chake kingeidumaza miche, kisha tukapanda mikaratusi 400. Miaka mitatu ya kwanza tulifurahi kuiona inarefuka upesi. Mwaka wa sita, mwezi wa Januari, ndoo iliyokuwa ikijaa kabla mtu hajamaliza kusalimiana na jirani ikawa inachukua robo saa. Mwaka uliofuata palibaki tope, mfongo, yaani mfereji wa asili, uliokuwa ukinywesha migomba ya vihamba (mashamba ya nyumbani) vya chini ukakauka, na mama yangu mwenye umri wa miaka 70 akaanza kushuka korongoni kufuata maji ya mto.

Aliyetuponza alikuja na daftari, akajiita mtaalamu, akatuhakikishia kwamba mti ni mti na kwamba mikaratusi huvuta mvua. Baadaye ndipo tulipojua kwamba miche ilitoka kwenye kitalu chake mwenyewe. Bado nina hasira naye, kwa sababu jambo hili halikuwa siri: mkaratusi uliletwa kutoka Australia, hukua haraka, hunywa maji mwaka mzima, na kuna nchi zilizoupanda makusudi ili kukausha maeneo ya majimaji. Mtu aliyesomea misitu hawezi kudai kwamba hakulijua hilo.

Kuikata mikaratusi nako hakukumaliza tatizo. Visiki vilichipua upya ndani ya wiki chache, kila kimoja kikiwa na machipukizi mengi, nasi tukalazimika kuyakata tena na tena, na vingine kuving'oa kwa sururu, huku tukimlipa fundi wa msumeno kwa fedha tulizokuwa tumechangishana ili kujengea tangi. Fedha hizo zilikuwa za wajane na za vijana wanaouza ndizi.

Pandeni mikuyu, ambayo hushika hata kwa vipandikizi vya matawi vikichomekwa mwanzoni mwa masika, pamoja na miti mingine ya asili, yaani misesewe na miringaringa. Majani yao huoza, udongo ukawa laini, na maji ya mvua yakazama badala ya kuteremka yote bondeni. Vichaka viacheni, na masale yabaki, kwa sababu kila Mchaga akiyaona anajua kwamba hapo pana mpaka. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, kwa hiyo anayelima mpaka ukingoni aambiwe mapema, kabla mche wowote haujashuka kwenye gari.

Kama mikaratusi imeshafika, irudisheni kwa aliyewauzia. Mashimo yaliyochimbwa msiyafukie. Chomekeni mikuyu humo humo mvua za Machi zikianza.